Wenzangu katika gemu wananiita kaka, na mchumba wangu hataki nishike pedi mbele ya rafiki zake

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 26, ninaishi Dar es Salaam na ni karani wa stoo katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Barua ya posa ilijibiwa mwaka jana, mahari imetolewa, na vikao vya harusi vimeanza. Natanguliza hayo ili usije ukadhani anayekuandikia ni mwanafunzi aliyegombezwa kwa kuchezea simu, ingawa ni kweli kwamba tatizo langu linahusu mchezo.

Nimekulia Tandika. Kaka yangu mkubwa alikuwa na kibanda cha gemu mbele ya nyumba yetu, chenye televisheni mbili, mabenchi na pazia zito la kuzuia mwanga, nami nikitoka shuleni nilikaa mlangoni na kopo la maziwa ya unga nikipokea sarafu. Sheria ilikuwa moja: anayefungwa anaachia pedi, yaani kishikio chenye vitufe vya kuchezea. Wateja walipopungua, kaka aliniweka nicheze na yeyote aliyekosa mpinzani, na kwa njia hiyo nikaijua FIFA, gemu ya mpira wa miguu, kiasi cha kuwafunga wavulana walionizidi umri. Hakuna hata mmoja aliyekubali kwamba nimemfunga. Kila aliyeachia pedi aliwaambia wenzake kwamba amenipa mechi makusudi kwa kuwa mimi ni msichana. Nilipopevuka, mama alinikataza kukaa kibandani akisema pale si mahali pa mtoto wa kike, nami nikatii.

Siku hizi ninacheza zaidi PUBG Mobile, gemu ya mapigano ya kwenye simu ambayo watu hadi 100 hushuka kwa parachuti katika ardhi moja na kuwindana mpaka kibaki kikosi kimoja. Nilipoanza nilitumia jina langu la kike na nilizungumza kwa maiki kama wengine. Mara mwanamume mmoja angeniomba namba, mwingine angeniambia niende nikapike, na yule aliyeuawa kwa uzembe wake angewatangazia wenzake kwamba tumeshindwa kwa sababu tumepewa mwanamke. Nilifunga akaunti ile, nikafungua nyingine yenye jina la kiume, na tangu hapo sizungumzi, naandika tu. Kikosi changu cha sasa tuko wanne na tumecheza pamoja kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mimi ndiye ninayesoma ramani na kuwaandikia wapi pa kujificha na lini tuhame. Nahodha wetu huniita "kaka mtulivu". Wameniambia mambo yao mengi, mmoja alifiwa na baba yake tukamchangia, lakini hawajui kwamba mimi ni mwanamke.

Mchumba wangu ana miaka 31, ni fundi wa majokofu na viyoyozi, na ni mtu mwenye bidii na heshima kwa wazazi wangu. Sikuwahi kumficha kwamba ninacheza. Mwanzoni alifurahi, na tulizoea kucheza mpira kwa PlayStation yake tukicheka. Mambo yalibadilika Idi iliyopita. Tulikwenda kumtembelea rafiki yake, wanaume wakawa wanacheza sebuleni, mmoja akanipa pedi kwa utani, na nikamfunga mchumba wangu mabao 3 kwa 1. Wenzake walipiga kelele kwamba amefungwa na mkewe kabla hata ya ndoa. Yeye pia alicheka. Lakini tulipopanda bajaji kurudi alinyamaza njia nzima, na tulipofika kwetu akasema, "Siku nyingine nikiwa na wenzangu, usishike pedi."

Muda mfupi baadaye alinitembelea jioni, spika zangu za masikioni zikiwa zimeharibika, akasikia sauti za wanaume watatu zikitoka kwenye simu yangu. Nilimweleza ni kina nani, nikamwonyesha ujumbe wote. Hakunituhumu kwa lolote, ila alisema kwamba mwanamke anayeingia katika ndoa hawezi kuwa na mchezo wa usiku pamoja na wanaume asiowajua hata sura, na kwamba angependa niache kabla ya harusi. Wifi yangu alimweleza mama mkwe, na somo anayeandaa kicheni pati yangu ameniambia kwamba simu ya mwanamke aliyeolewa hulala mapema. Mchumba wangu mwenyewe hutazama mpira kwenye kibanda umiza karibu kila wiki na hurudi saa sita usiku, jambo ambalo mimi sijaliona kuwa baya.

Sasa kikosi chetu kimefuzu fainali ya mashindano yatakayofanyika hapa Dar mwezi ujao, ukumbini, ana kwa ana, na kila mchezaji atatakiwa kuonyesha kitambulisho. Kuna fedha za zawadi. Nimejaribu kumwelewesha mchumba wangu kwamba mchezo huu unaweza kuniletea kipato, kwamba jirani zetu Wakenya wana mwanadada anayelipwa kwa kucheza, na kwamba fedha yangu ingesaidia hata gharama za harusi. Anajibu kwamba fedha si tatizo.

Nikienda, wenzangu watagundua kwamba nimekuwa nikijiita mwanamume, na mchumba wangu ataona nimempuuza mbele ya watu. Nisipoenda, kikosi kitapungukiwa mtu na sijui nitawaambia nini. Wakati mwingine najiuliza kama wote wana haki, kwamba haya ni mambo ya wanaume na mimi nimeng'ang'ania tu kitu cha utotoni. Nisaidie mawazo.

Mwenye jina la kiume, Dar es Salaam

MAJIBU YA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Naomba nianze kwa kuirudia habari yako kwa maneno yangu, uone kama nimekuelewa. Kuna wanaume watatu wanaoujua uwezo wako lakini hawajui kwamba wewe ni mwanamke, na kuna mwanamume mmoja anayejua kwamba wewe ni mwanamke lakini hapendi uwezo wako uonekane. Umeishi vizuri na pande zote mbili kwa sababu hazijawahi kukutana. Mashindano haya yanakusumbua kuliko ilivyostahili kwa mchezo wa siku moja kwa kuwa yatazikutanisha pande hizo, na wewe utalazimika kusimama hapo ukiwa mtu mmoja.

Mimi ni wa rika ambalo gemu zilitukuta tukiwa watu wazima, na sijui kulenga wala kupiga pasi kwenye kioo. Lakini sentensi yako ya mwisho, ile ya kwamba huenda haya ni mambo ya wanaume, siwezi kuipita bila kuigusa, kwa sababu naona umeiandika kama mtu anayejiandaa kukubali hukumu. Gemu hazikuanza zikiwa mali ya wanaume. Toru Iwatani, Mjapani aliyebuni Pac-Man mwaka 1980, ameeleza mwenyewe kwamba alitaka mchezo utakaowavutia wanawake, kwa kuwa kumbi za gemu za wakati ule zilijaa wanaume na michezo ya kupiga risasi. Miaka miwili baadaye Mmarekani Carol Shaw alitengeneza River Raid, mchezo wa ndege ya kivita inayopita juu ya mto, na uliuzwa sana. Kisha mwaka 1983 soko la gemu Marekani liliporomoka, na mashine zilizokuja baada ya hapo ziliuzwa kama vitu vya kuchezea vya watoto, katika maduka ambayo tayari yalikuwa na rafu za wavulana upande mmoja na za wasichana upande mwingine. Matangazo yakaelekezwa kwa wavulana, na mashine zilipotufikia sisi zilikuja na sura hiyo. Hata sasa, takwimu za chama cha kampuni za gemu nchini Marekani zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba wanawake ni karibu nusu ya wachezaji. Huko kwenye FIFA uliyokua nayo, timu za taifa za wanawake ziliingizwa kwa mara ya kwanza katika toleo la FIFA 16, zikiwa 12, na si wachezaji wote walizipokea kwa furaha.

Hapa kwetu nadhani kuna sababu ya karibu zaidi, nayo imo katika barua yako mwenyewe. Kibanda cha kaka yako kiliwekwa barabarani, mahali ambapo mtoto wa kiume huruhusiwa kukaa mpaka giza liingie huku dada yake akiwa ndani anaosha vyombo. Wavulana waliokuja pale walikuwa na vitu viwili ambavyo wasichana wa mtaa hawakupewa, yaani sarafu ya ziada na saa za kupoteza. Wewe ulikaa kwa sababu ulikuwa kazini, ukipokea fedha, na ulipopevuka hata kazi hiyo haikutosha kukutetea. Simlaumu mama yako, kwa maana ni wazi alikuwa anakulinda na macho ya watu, na huenda aliona mambo ambayo wewe kwa umri ule hukuyaona. Nasema tu kwamba msichana aliyenyimwa muda wa kucheza hawezi baadaye kutumiwa kama ushahidi kwamba wasichana hawapendi kucheza.

Hapo ndipo ninapotaka kukuuliza jambo ambalo pengine hukutarajia. Ulipojitetea kwa mchumba wako ulitaja fedha: zawadi, kipato, gharama za harusi. Naielewa njia hiyo, na mfano uliompa ni wa kweli. Sylvia Gathoni wa Kenya, anayejulikana kwa jina la Queen Arrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya Marekani iitwayo UYU kwa ajili ya kucheza Tekken, gemu ya kupigana ana kwa ana, naye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa sheria. Lakini wanaolipwa hivyo ni wachache sana, na ukiujenga utetezi wako juu ya fedha, siku kikosi chako kitakapotolewa katika raundi ya kwanza utakuwa umebaki bila utetezi. Zaidi ya hapo, umekubali bila kujua kwamba mwanamke akipumzika ni lazima mapumziko yake yalete kitu nyumbani. Mchumba wako anaporudi kutoka kibanda umiza saa sita usiku, hakuna anayemuuliza mpira ule umeingiza shilingi ngapi, na wewe mwenyewe umesema huoni ubaya. Nami sioni. Mtu aliyeshinda juani akifunga viyoyozi anastahili dakika zake 90 pamoja na rafiki zake. Ninachojiuliza ni kwa nini wewe, uliyeshinda ukihesabu mifuko ya saruji na kusaini hati za kupokelea mizigo, unaona aibu kusema kwamba unacheza kwa sababu unafurahi. Yeye amekujibu kwamba fedha si tatizo, na mimi namwamini. Nadhani katika hilo amekuwa mkweli kuliko wewe.

Basi tatizo lake ni nini? Umeandika kana kwamba amekuomba jambo moja, lakini mimi naona maombi mawili yenye asili tofauti. Ombi moja linahusu usiku na sauti za wanaume asiowajua. Hilo ni wasiwasi ambao watu wengi wanaokaribia kuoana wangekuwa nao, mwanamume au mwanamke. Jiulize ungejisikiaje kama yeye ndiye angekuwa na wanawake watatu simuni kila usiku, wanaomwita dada. Ombi hilo lina mlango wa mazungumzo: anaweza kukaa pembeni yako akasikiliza mnavyocheza, anaweza kuambiwa majina yao, mnaweza kupanga siku na saa. Ombi jingine ni lile la baada ya safari ya bajaji, nalo halihusu usiku, halihusu wageni, na halihusu simu. Siku ile mlikuwa mchana kweupe, kwa rafiki yake, pedi ulipewa na mwenzake, naye alikuwepo. Alichokataa pale ni kuonekana ameshindwa na wewe.

Usiharakishe kumhukumu kwa hilo. Waliomcheka ni wenzake, wewe hukumcheka, na mwanamume aliyekulia katika vijiwe vyetu anajua kwamba utani wa aina ile hauishi siku moja. Pengine mpaka leo wanamwita jina kwa sababu ya mabao yale matatu. Inawezekana pia kwamba alisema kwa uchungu wa siku ile tu na hakukusudia iwe sheria. Hata hivyo ningependa ujue kabla ya harusi kama agizo lile lina mipaka. Je, ni pedi peke yake, au ni kila jambo utakaloliweza kuliko yeye mbele ya watu? Mshahara wako ukizidi wake itakuwaje? Ukipandishwa cheo, utatakiwa usiseme mbele ya rafiki zake? Sijui jibu, na wewe pia hujui, kwa kuwa inaelekea tangu jioni ile hamkuwahi kulizungumza. Mmeendelea kuzungumzia simu, ambayo ni rahisi zaidi kuisema.

Sasa kuhusu jina lako la kiume. Sitakuambia kwamba ulidanganya na utubu. Ulitukanwa, ukatafuta mahali salama, ukapapata, na wanawake wengi duniani wamefanya hivyo hivyo kwa sababu zile zile. Yale uliyoyapata hayakuwa bahati mbaya yako peke yako. Mwaka 2014 huko Marekani kuliibuka kampeni kubwa ya matusi na vitisho dhidi ya wanawake wa tasnia ya gemu, hata mkosoaji mmoja, Anita Sarkeesian, alilazimika kufuta mhadhara wake katika chuo kikuu kimoja cha Utah baada ya kutishiwa kwamba wahudhuriaji watashambuliwa. Kwa hiyo hofu yako ina msingi. Lakini ulinzi huu una gharama ambazo hukuzitaja. Gharama mojawapo ni kwamba sifa zote ulizozipata katika mwaka huu zimekwenda kwa kaka ambaye hayupo. Nyingine ni kwamba wenzako wamekueleza habari zao, pamoja na msiba, wakiamini wanazungumza na mwanamume, na huenda wengine wataona wamevuliwa nguo. Ukiwaeleza, uwe tayari kumsikia mmoja akikasirika bila kumwona adui.

Uwe tayari pia kwa lile la kibandani, la watu kutafuta sababu nyingine ya ushindi wako. Kim Se-yeon wa Korea Kusini, anayejulikana kama Geguri, alikuwa na miaka 17 mwaka 2016 alipocheza Overwatch, gemu ya vikosi vinavyopigana kwa risasi, kwa usahihi uliowafanya baadhi ya wapinzani kudai kwamba anatumia programu ya udanganyifu. Ilimbidi acheze mbele ya kamera, mikono yake ikionekana juu ya kibodi na kipanya, ndipo wakanyamaza. Mwaka 2018 alisajiliwa na Shanghai Dragons na kuwa mwanamke wa kwanza katika Ligi ya Overwatch. Msichana mwingine, Li Xiaomeng wa China, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa Hearthstone, gemu ya karata, mwaka 2019, alieleza kwamba miaka ya nyuma alipokuwa kwenye foleni ya kujiandikisha katika mashindano, mwanamume mmoja alimwambia kwamba akiwa msichana hapaswi kusimama pale. Siwataji hawa ili uone kwamba mwisho huwa mzuri, kwa kuwa waliosikia maneno kama hayo wakaondoka kimya hatuwajui majina yao. Nawataja kwa sababu katika fainali wewe utakuwa na kitu ambacho mwaka mzima umekosa: mikono yako itaonekana.

Tuziangalie njia zilizo mbele yako. Unaweza kuacha, kama ulivyoombwa. Wapo walioacha mambo waliyoyapenda kwa ajili ya ndoa na hawakujuta, hasa pale walipochagua wenyewe na mwenzao akajua alichopewa. Hatari ya kuacha ni pale unapoacha ukiwa na kinyongo, kisha kila mara atakapovaa jezi kwenda kibanda umiza wewe ukahesabu deni asilolijua. Unaweza kwenda kimya kimya na kumwambia baadaye, na hapo nitasema wazi kwamba nina mashaka makubwa, kwa kuwa mashindano ya ukumbini hupigwa picha na picha haimsubiri mtu ajieleze. Mawifi wataiona kabla yake, na yule ambaye mpaka sasa hajakutuhumu kwa lolote atakuwa amepewa sababu. Unaweza kuwaomba wenzako watafute mtu wa nne, ukatoa sababu ya kazi, na jina la kiume likaendelea kuishi. Njia hiyo ni tulivu kuliko zote, ila itakubidi uirudie kila watakapofuzu. Au unaweza kumweleza mchumba wako kabla, ukimwalika aje ukumbini kama mgeni wako. Anaweza kukataa. Anaweza pia kuja akakaa amenuna nyuma ya ukumbi. Na huenda akawaona wale watatu kwa macho, akakuta ni vijana wa kawaida, mmoja pengine ameongozana na mkewe. Ukichagua mazungumzo, usiyafanye mbele ya wifi wala kwenye kikao cha harusi. Jambo hili limeshasemwa na watu wengi mno kabla ya ninyi wawili kulimaliza.

Somo wako hakukosea kabisa kuhusu simu kulala, ingawa angeweza kuisema hiyo ya bwana harusi pia. Wewe mwenyewe hukuniambia unacheza saa ngapi kwa usiku mmoja, na naomba ujihesabie kwa ukweli. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea hata pale unapokuletea madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Orodha hiyo haitofautishi mke na mume. Kutokana na ulivyoandika sioni kwamba umefika huko, maana unakwenda kazini, una mahusiano, na ulipoharibikiwa na spika dunia haikusimama. Lakini kama kuna asubuhi unazofika stoo ukiwa umelala kwa muda wa saa tatu tu, basi mchumba wako ana hoja ambayo haina uhusiano wowote na jinsia yako, na ingekuwa heshima kumpa hoja hiyo bila kungoja aishinde.

Kuhusu nahodha wenu, ushauri wangu ni wa kiutendaji tu. Ikiwa utakwenda, asijue mlangoni pale kitambulisho chako kitakapokuwa mkononi mwa msimamizi. Mpigie mapema, peke yake, kwa sauti yako, muda ukiwa bado unatosha yeye kushangaa, kuuliza maswali na kuamua namna ya kuwaambia wengine wawili. Akikuondoa kikosini utaumia, lakini utakuwa umejua kabla ya kulipa nauli. Akikubali, muulize fainali inaisha saa ngapi, ukumbi una usalama gani, na kama majina mliyoandikisha yanaweza kurekebishwa bila kikosi kuadhibiwa, kwa kuwa mashindano mengi yana kanuni kuhusu usajili na ingekuwa uchungu ninyi nyote kutolewa kwa sababu ya karatasi. Kaka yako, ambaye ndiye aliyekupa pedi ya kwanza, hukumtaja tena baada ya habari za Tandika. Kama mna maelewano, mwombe akusindikize siku hiyo, na kabla ya hapo azungumze na shemeji yake, mtu na mtu, bila kumgombeza.

Shangazi